Kuvua stilihedi Forks: namna ya kumpata nahodha wa mto kabla hujatoa hela yako

Kila ikifika mwezi wa kumi na moja simu yangu inaanza kupokea meseji za aina moja. Dada, tumesikia wewe unaendaga kule Forks kuvua wale samaki wakubwa, unamlipa nani, bei gani, na je kweli mnapata? Mwaka huu nimeona badala ya kumtumia kila mtu voisi noti ya dakika kumi, niandike mara moja wote msome, mwenye swali la zaidi ndo aniulize.

Mimi ni mtoto wa Musoma. Mzee wangu alikuwa anatega ndoano za sangara ziwani, na utotoni asubuhi nyingi nimezimalizia Mwigobero nasubiri mitumbwi irudi. Sasa hivi naishi jimbo la Washington, Marekani, kusini kidogo ya Seattle, na huu ni msimu wangu wa nne kwenda kuvua stilihedi kwenye mito ya rasi ya Olympic, ulipo mji mdogo wa Forks. Mara zote nimeenda na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kwasababu mume wangu mwenyewe baridi ile haitaki kabisa. Safari ya kwanza tulipoteza hela. Ya pili hatukupata samaki lakini nilirudi nina furaha kuliko siku nyingi nilizopata. Nitawaeleza kwanini.

Kwanza tuelewane huyu samaki ni nani. Stilihedi ni trauti yule yule wa upinde wa mvua ambaye Wazungu walimleta mpaka kwenye mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni, ni spishi moja. Tofauti yake ni kwamba stilihedi anazaliwa mtoni, anakaa mtoni kama miaka miwili hivi, alafu anashuka baharini. Huko Pasifiki anakula, ananenepa, anageuka rangi anakuwa fedha tupu, na baada ya miaka miwili mitatu anarudi mto ule ule aliozaliwa kuja kutaga. Samoni wa Pasifiki akishataga amekwisha, anakufa pale pale. Stilihedi yeye anaweza kutaga, akarudi baharini, akapanda tena mwaka mwingine. Ni wachache wanaofanikiwa lakini wapo, na kwangu mimi hicho ndo kinanifanya nimheshimu. Ukimkamata wa kilo nne ujue umeshika mnyama aliyepita mawimbi, sili na nyavu, akapanda mto wenye maji baridi kama ya friji, na bado safari yake haijaisha.

Wengi wana kilo tatu mpaka tano. Wa kilo tisa na kuendelea wapo, watu wanawaota miaka na miaka.

Na si wengi. Wenyeji wanamwita samaki wa mitupo elfu moja, yaani utarusha ndoano mara elfu ndo umpate mmoja. Mara elfu ni namna ya kusema tu, ila usije ukafikiri ni chumvi. Siku nzima, watu wawili, na nahodha anayeujua mto vizuri, kupata mmoja au wawili ni siku njema, na kutoka bila kitu ni jambo la kawaida kabisa. Hili uliingize kichwani kabla hujagusa kadi yako ya benki, maana mtu akikuahidi samaki wa uhakika anakudanganya, na ndo kilichotupata sisi.

Safari ya kwanza tulimpata mtu kupitia tangazo, simtaji. Picha zake zote ni samaki, samaki, samaki, bei yake iko chini kidogo ya wenzake, nikampigia akasema njooni tu, wiki hii wanapanda kwa wingi, mtapata. Hakuniuliza kama nimewahi kuvua mtoni, hakuniuliza nina nguo gani, akataka advansi tu. Ikanyesha siku mbili mfululizo kabla ya tarehe yetu, na Forks mvua si mchezo, mji ule kwa mwaka unapata zaidi ya milimita 2500. Tulipofika alfajiri mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita katikati. Shemeji aliangalia maji akaniambia, "Shem, hata baba yako asingeshusha mtumbwi hapa." Yule bwana akashusha boti hivyo hivyo, tukazunguka kwa muda wa masaa sita ndani ya matope, hela hairudi kwasababu eti safari imefanyika. Siku ile niliumia, si kwa samaki, niliumia kwasababu alijua toka usiku wa jana yake kwamba mto umeharibika na alinyamaza.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa ndo huu, nahodha mpime kwa anavyozungumzia maji, picha za samaki ziweke pembeni. Picha inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita. Ila mtu anayekaa na mto anaongea habari za mto bila kuulizwa. Mpigie simu, usiishie kwenye meseji, alafu muulize hivi: mvua kubwa ikinyesha siku mbili kabla ya tarehe yangu unafanyaje? Msikilize. Nahodha ninayekwenda naye sasa hivi alinijibu kwa dakika nzima. Akasema mito ya pale haifanani. Hoh unatoka kwenye barafu ya Mlima Olympus, ukichafuka unachukua siku nyingi kutakata. Sol Duc unatakata haraka kuliko wenzake. Bogachiel uko katikati. Kwahiyo mvua ikinyesha yeye anaangalia vipimo vya maji vya serikali, vipo kwenye mtandao bure, vinaonyesha futi za ujazo kwa sekunde saa kwa saa, alafu anaamua asubuhi ile tuende mto upi, na kama yote imeharibika anapiga simu usiku tunahamisha tarehe, hatozi kitu. Nikajua huyu ndiye.

Na yeye akaniuliza mimi maswali. Umewahi kurusha ndoano kwenye maji yanayotembea? Una tatizo la magoti au mgongo? Unaweza kutembea juu ya mawe yanayoteleza? Unaogopa maji? Mwenzako je? Unataka kupata samaki wa kula au unataka kujifunza? Haya maswali mjibu ukweli. Kuna watu wanaona aibu kusema sijawahi, wanajifanya wazoefu, alafu boti ikifika kwenye maji ya kasi wanatetemeka na siku nzima inaharibika. Nilimwambia ukweli, nimelelewa ziwani, uvuvi wa mtoni siujui hata kidogo, fimbo ya kuvulia nimeishika mara mbili maishani. Akasema vizuri, basi hauna mazoea mabaya ya kukutoa. Akatuchagulia sehemu ya mto yenye kingo pana za kokoto, rahisi kusimama, badala ya kutupeleka kwenye makorongo.

Swali la samaki wa kula lina maana kubwa kuliko linavyosikika, kwasababu ndo linaamua uende mwezi gani. Kuna stilihedi wa aina mbili mtoni. Kuna waliototoleshwa kwenye vituo vya vifaranga vya samaki, hao kabla hawajaachiwa wanakatwa kapezi kadogo ka nyama kalikopo mgongoni karibu na mkia. Na kuna wa asili waliozaliwa mtoni, hao pezi lao lipo. Wa kituoni wanapanda zaidi Desemba na Januari, na hao ndo unaruhusiwa kuchukua ukaenda nao nyumbani. Wa asili wanapanda zaidi kuanzia Februari mpaka Aprili, ni wakubwa, ni wakali, na hao lazima umwachie. Sasa mtu anakuja kwangu anasema nataka kwenda Machi nilete samaki nijaze friza. Ndugu yangu, Machi utarudi na picha. Ukitaka kitoweo nenda mwisho wa Desemba, ukitaka kuona mnyama mwenyewe nenda Machi.

Na usimwachie nahodha peke yake kazi ya kujua sheria. Sheria za jimbo la Washington zinabadilika msimu kwa msimu, wakati mwingine katikati ya msimu mto unafungwa kwasababu samaki waliopanda ni wachache, kwahiyo angalia tovuti ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo usiku wa kuamkia safari. Safari zetu, pale tulipokuwa tunavua ilikuwa marufuku kuvua ukiwa ndani ya boti, marufuku chambo cha asili, na ndoano ni moja tu isiyo na kinzo, yaani ile ncha ndogo inayorudi nyuma kumzuia samaki asichomoke. Leseni ni yako wewe, haiko ndani ya bei ya nahodha, na pamoja na leseni unatakiwa uwe na kadi ya kuandikia samaki, ukichukua samaki unaandika pale pale mtoni kabla hujafanya kitu kingine, usisubiri kufika kwenye gari. Mwaka wa leseni unaanza tarehe 1 Aprili unaisha 31 Machi, kwahiyo safari ya mwanzoni mwa Aprili inataka leseni mpya, hilo nimeona limewakamata watu. Nahodha naye anatakiwa awe na leseni yake ya kazi ya jimbo. Muulize, asiyekuwa na kitu cha kuficha hakasiriki.

Sasa niwaambie siku yenyewe inakuwaje, kwasababu hapa ndo nilipoelewa hela yangu inakwenda wapi.

Mnakutana alfajiri sana bado giza, sisi ilikuwa saa kumi na moja na nusu, kwenye maegesho ya duka. Gari yako unaiacha, mnaenda na gari ya nahodha inayokokota boti. Boti yenyewe ni ya makasia, haina injini, chini iko bapa na mbele na nyuma imenyanyuka kama ndizi, ili izunguke kirahisi na ipite juu ya maji madogo. Mnaishusha kwa mwanga wa taa za kichwani, alafu kuna dereva mwingine analipwa kuja kuchukua ile gari na tela kuipeleka huko chini mtakakotokea jioni, maana ukishashuka na mkondo hamna kurudi juu. Hilo malipo ya dereva uliza kama limo kwenye bei.

Alafu nahodha anakaa katikati anashika makasia na kuanzia hapo mpaka jioni hayaachi. Mi nilitegemea atapiga makasia kwenda mbele, kumbe kazi yake kubwa ni kupiga kurudi nyuma, anaikatalia boti isichukuliwe na mkondo, anaishikilia, anaipenyeza kati ya majabali mawili taratibu kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Mzee yule ana miaka zaidi ya sitini. Nilimwangalia mikono yake nikamkumbuka baba.

Kila baada ya muda anaegesha kwenye ukingo wa kokoto, mnashuka, mnaingia majini mpaka magotini, na hapo ndo shule inaanza. Kabla hajatupa fimbo alinisimamisha akasema angalia maji kwanza, niambie unaona nini. Mi naona maji. Akanionyesha kwa kidole: pale maji yanakimbia, huku yanatembea taratibu, na katikati yake kuna mstari, unauona? Povu dogo linapita juu yake. Samaki amechoka, anapanda toka baharini, hataki kupigana na mkondo wa kasi, na hataki maji yaliyolala kwasababu hayana hewa wala pa kujificha. Anataka maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kina cha kifua hivi, chini kuna mawe makubwa ya kumkinga. Tafuta hapo. Na mwisho wa dimbwi, pale maji yanapoanza kuwa madogo kabla hayajamwagika kwenye kasi inayofuata, hapo anapumzika kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Tangu siku ile sijawahi kuangalia mto kwa macho yale ya zamani. Hata ukinipitisha darajani kwenye gari nageuza shingo natafuta ule mstari.

Rangi ya maji pia alinifundisha. Maji meupe kabisa kama ya chupa, samaki anakuona na anaogopa. Maji ya matope hakuoni wewe na haoni ndoano. Unataka kijani, kile kijani cha chupa ya soda ya zamani, ukiingia majini unaona viatu vyako kwa shida ukiwa umefika magotini au juu kidogo ya goti. Rangi hiyo inakuja siku moja mbili baada ya mto kuanza kushuka. Wakikwambia nahodha anasubiri mto ushuke, ndo hicho anachosubiri.

Zana tulizotumia ni fimbo ndefu ya kama mita tatu, rili, boya juu, chubwi (kile kizito cha kuzamisha uzi) chini yake, alafu ndoano yenye shanga ndogo ya rangi ya yai la samaki. Uzuri wa boya ni kwamba hata mgeni kabisa anaweza kuvua siku hiyo hiyo. Ila kuna kitu kimoja ambacho kisipofanyika hupati hata ungerusha mwaka mzima, nacho ni uzi. Ukirusha, boya linatua kwenye maji ya polepole lakini uzi umelala juu ya maji ya kasi, basi mkondo unaukokota uzi, uzi unalikokota boya, na ile shanga huko chini inakimbia kama inakimbizwa, na hakuna yai la samaki linalokimbia. Kwahiyo ukisharusha unainua fimbo, unaunyanyua uzi wote juu ya maji na kuulaza upande wa juu ya mto, taratibu bila kulitikisa boya. Kisha unaacha lishuke lenyewe. Nilifanya hivyo tangu asubuhi mpaka saa tano nakosea, nalivuta boya kila mara, yule mzee anarudia kwa sauti ile ile, nyanyua, laza, acha, nyanyua, laza, acha, hakuchoka wala hakunipandishia sauti hata mara moja. Mtu wa namna hiyo ndo unamlipa.

Kuna wanaovua na fimbo ndefu za mikono miwili wakiachia nzi wa bandia wa manyoya azunguke kwenye mkondo. Ni uvuvi mzuri sana kuuangalia, ila kama ni mara yako ya kwanza na una siku moja tu, anza na boya.

Siku ile hatukupata. Shemeji alipata mguso mmoja, boya likazama, akavuta kwa nguvu, ndoano ikarudi mtupu, akakaa kimya nusu saa. Na bado nilirudi nyumbani nafuraha kwasababu kwa mara ya kwanza nilijua kwanini sikupata. Sasa wewe fikiria tofauti yake na ile safari ya matope.

Safari ya tatu, Machi, mto Bogachiel, saa nne asubuhi. Boya langu lilikuwa limeshapita mara tatu kwenye mstari ule ule na nilitaka kuhama, mzee akasema mara moja zaidi, mbele kidogo ya lile jabali. Likapita, likasita. Halikuzama, lilisita tu kama limegusa jiwe. Akasema vuta. Nikavuta na mto ukanivuta na mimi. Aliruka mara mbili, mwili wote nje ya maji, alafu akageuka akaenda na mkondo na rili ikawa inalia, na mimi nashuka naye ukingoni huku nimeshikiliwa mkanda kwa nyuma nisianguke. Hapo kosa la wengi ni kukaza. Usishindane naye akiwa anakimbia, mwache akimbie, fimbo juu, akisimama ndo unakusanya uzi wako. Ilichukua kama dakika nane hivi.

Alipofika kwenye wavu, mzee hakumtoa majini. Washington samaki wa asili huruhusiwi kumtoa majini mzima mzima, na hata ingeruhusiwa nisingetaka. Alikaa ndani ya ule wavu wa mpira, kichwa kimeelekea mkondo unakotoka, nikalowesha mikono kwanza kwasababu mikono mikavu inamtoa ute unaomkinga na magonjwa. Nikamshika kwenye shina la mkia kwa mkono mmoja, mwingine chini ya tumbo bila kubana. Fedha, aisee, fedha yenye madoa madogo meusi mgongoni, na ubavuni wekundu wa mbali ndo kwanza unaanza. Karibu na mkia alikuwa na chawa wawili wa baharini, mzee akanionyesha, akasema hawa wakiingia maji baridi wanadondoka baada ya siku chache, kwahiyo huyu juzi tu alikuwa bahari ya Pasifiki. Pezi la mgongoni lipo zima. Ndoano isiyo na kinzo ilitoka kwa kuigeuza tu. Nikamshikilia mpaka nikasikia mkia unaanza kusukuma kiganja, nikafungua mkono.

Nililia kidogo, na mzee akageukia pembeni akajifanya anafunga kamba ya boti.

Kuhusu hizi picha, nawaomba sana. Nimeona watu wamemlaza samaki wa asili juu ya kokoto wanapiga selfi, mwingine ameingiza vidole kwenye matamvua. Huyo samaki ataondoka akiogelea na utafikiri amepona, kumbe ameshaumia. Hawa samaki wamepungua, wale wa mito inayoingia Puget Sound, ule mkono wa bahari uliopo Seattle, toka mwaka 2007 wako kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini. Nahodha mzuri atakukatalia kumtoa samaki majini hata ukiongeza hela, na akikubali mtu wa namna hiyo usirudi kwake.

Na kuna jambo utalisikia kule, afadhali ulisikie kwangu kwanza. Utakutana na wavuvi wanaolaumu makabila ya wenyeji, kwamba nyavu zao ndo zimemaliza samaki. Makabila kama Quileute, Hoh na Quinault walikuwa wanavua mito ile kabla hakujakuwa na jimbo, mikataba waliyosaini na serikali miaka ya 1850 iliwaachia haki ya kuvua, na mwaka 1974 jaji Boldt aliamua kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Kilichomaliza samaki ni vingi, misitu iliyokatwa mpaka kingoni, uvuvi wa kupita kiasi wa miaka mingi, na mabwawa. Mto Elwha, hapo hapo kwenye rasi, ulizibwa na mabwawa mawili kwa karibu miaka mia, yakabomolewa kati ya 2011 na 2014, na stilihedi wamerudi kupanda sehemu ambazo bibi na babu zao walizibiwa. Sisi wa ziwani tunajua watu wa mbali wanavyokuja kukuambia wewe mvuvi mdogo ndo tatizo. Kama unataka kuvua mto Quinault ndani ya ardhi ya kabila, unakwenda na nahodha wa kabila, na hela inabaki pale.

Nguo. Hapa sitazunguka: baridi ya mvua ya nyuzi nne tano ni mbaya kuliko baridi kavu ya theluji. Usivae pamba hata soksi, wala jinzi, pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Vaa sufu au zile nguo za michezo za plastiki, tabaka mbili tatu, juu jaketi la mvua la ukweli. Ile ovaroli ya mpira ya kuingilia majini, weda, nahodha wengi wanakuwa nayo ya akiba, ila sema saizi yako mapema, na dada zangu wenye miili yetu ya Kiafrika semeni na nyonga, mimi ya kwanza nilishindwa hata kupiga magoti. Mkanda wa kiunoni usiuache, ukianguka ndo unazuia maji yasijae miguuni. Jaketi la kuokolea vaa muda wote kwenye boti, hata kama unajua kuogelea, ziwa la nyumbani lina joto, haya maji yanakukata pumzi ndani ya sekunde. Beba soksi za akiba, na chai kwenye chupa. Mi nabeba ya tangawizi na maandazi, na mzee wangu siku hizi akinipigia kuthibitisha tarehe anamalizia kwa kuulizia maandazi.

Bei. Sisi tumelipa dola 600 kwa boti, watu wawili, siku nzima. Tafuta mwenzako mgawane, boti ya mtu mmoja na ya watu wawili bei inakaribiana. Juu yake weka bakshishi, kule ni desturi, asilimia 15 mpaka 20, na uweke hata kama hamkupata samaki, kwasababu makasia amepiga yale yale. Weka mafuta ya gari, leseni, na chumba cha usiku mmoja Forks, maana toka Seattle ni mwendo wa karibu saa nne na ukiondoka usiku wa manane utafika umechoka na barabara ina kulungu. Ukijumlisha ni hela nyingi, sikatai. Kama huna, kuna njia nyingine: lipia nahodha mara moja tu, lakini lipia siku ya kujifunza, mwambie waziwazi nataka unifundishe sehemu ninazoweza kurudi mwenyewe kwa miguu. Wengine wanakubali na kufurahia kabisa. Shemeji alifanya hivyo mwaka jana, na Januari akaenda peke yake, akasimama ukingoni siku mbili, akarudi na mmoja wa kituoni, kapezi kamekatwa pale mgongoni kameacha kovu laini kama kidole kilichopona. Tulimkaanga vipande, vingine mama mkwe wake akaweka nazi, tukala na ugali watu tisa.

Mwaka huu nimeshashika tarehe mbili, moja baada ya Krismasi na moja katikati ya Machi. Hiyo ya Machi shemeji anamleta mwanae mkubwa, ana miaka 13 kwahiyo hahitaji leseni, kadi ya samaki tu, na mzee ameshauliza saizi ya viatu vyake.